Tekken 8 Kathonzweni: Hesabu ya Stima, Joto na Fundi

Mwaka 2018 Sylvia Gathoni, anayejulikana na wachezaji wenzake kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya gemu za mashindano. Mchezo wake ni Tekken. Toleo la nane lilipotoka Januari 2024, watengenezaji walitaja kompyuta dhaifu kuliko zote inayoweza kulibeba: kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti, ramu ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kwa kijana wa Kathonzweni, kaunti ya Makueni, hiyo ni habari njema, maana kadi hiyo ilitoka mwaka 2016 kwa dola 139 tu.

Hata hivyo, familia iliyouza maembe vizuri hushawishika kununua laptopu ya kifahari. MacBook Pro ya inchi 14 ilipozinduliwa Oktoba 2021 ilianzia dola 1,999. Dola ikiwa takriban shilingi 129, hizo ni kama shilingi 258,000 kabla ya VAT ya asilimia 16. Ni mashine nzuri sana ya kuhariri video. Kwa gemu, pesa hizo zimepotea njia: Tekken 8 haikutengenezewa Mac, na ramu ya MacBook hiyo haiongezwi kamwe, kwa kuwa imeshikanishwa na chipu tangu kiwandani.

Njia ya busara inaanzia Luthuli Avenue, Nairobi, kwenye kompyuta za mezani zilizotumika katika ofisi za Ulaya, zile wauzaji wanazoziita ex-UK. Dell OptiPlex na HP EliteDesk ndizo zilizozoeleka. Kijana achukue yenye kasha kubwa la kusimama. Zile nyembamba hupokea kadi fupi pekee. Prosesa iwe ya kizazi cha nane cha Intel au cha baadaye, kwa sababu Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi hicho. Kisha aongeze kadi ya grafiki. GTX 1050 Ti hutumia wati 75, kiasi ambacho kadi nyingi za aina hiyo huvuta kwenye tundu lilelile zilimochomekwa, bila waya wa ziada.

Hapa pana mtego. Kadi za kale kama GTX 550 Ti zimewahi kubandikwa jina jipya na kuuzwa kama 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi, na mnunuzi ana haki ya kuomba iendeshwe mbele yake kabla hajatuma M-Pesa.

Stima ndiyo hesabu ambayo wengi huisahau. Mashine ya namna hii pamoja na skrini, ikila wati 150 kwa saa nne kila siku, itamaliza uniti 18 kwa mwezi. Tangu Aprili 2023, bei ya chini kabisa ya Kenya Power ni ya nyumba zisizozidi uniti 30 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 20 kwa taa, televisheni na simu itafika 38 na kupanda daraja, na tokeni za nyumba nzima zitakuwa ghali zaidi. Mzazi anastahili kuambiwa hivyo mapema. Laptopu ya wati 50 kwa saa zizo hizo ingekula uniti 6.

Laptopu pia hubaki na betri stima ikipotea, kama usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipokosa stima. Kompyuta ya mezani huzimika papo hapo, na faili zilizo wazi zinaweza kuharibika. Kwa hiyo UPS ndogo, yaani betri ya akiba, iingizwe kwenye bajeti kabla ya kibodi yenye taa za rangi. Kazi yake ni kumpa mchezaji dakika chache za kufunga kila kitu taratibu.

Halafu kuna joto. Chini ya mabati, saa nane mchana, laptopu nyembamba hujipunguzia kasi ili isiungue. MacBook Air haina hata feni tangu 2020. Kasha la mezani hufunguliwa kwa bisibisi, vumbi likapulizwa, na feni iliyochoka ikabadilishwa na fundi wa kawaida pale mjini Wote.

Anayejiandaa kwenda chuo ni kisa tofauti, kwani hawezi kuhamahama na kasha na skrini. Hata yeye hahitaji laptopu ya laki mbili unusu. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, iliyotumika, ina nafasi mbili za ramu na betri ya nyuma inayobadilishwa bila kuzima mashine. Tekken 8 itaishinda, lakini gemu nyepesi na kazi za darasani itazimudu.