Muziki na Usemi wa Watu wa Appalachia Mjini Cincinnati

Baada ya mwaka 1940 mamilioni ya watu waliihama milima ya Appalachia huko Marekani, hasa machimbo ya makaa ya mawe yalipopunguza wafanyakazi, wakaingia miji ya viwanda, mmojawapo Cincinnati. Walikuja na banjo, ambayo asili yake ni Afrika, na matandiko ya viraka, na usemi wao.

Muziki ulipokewa upesi: kampuni ya King Records, iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1943, ilianza kwa nyimbo za mtindo wao. Usemi haukupata bahati hiyo. Ulichekwa mitaani, na watoto wakasahihishwa shuleni kana kwamba wamekosea. Kumbe kile kiambishi a- wanachokitanguliza katika kitenzi, kuonyesha tendo liendelealo, ni masalio ya kihusishi cha Kiingereza cha zamani.

Mwaka 1974 liliundwa Baraza la Waappalachia wa mjini, na mwaka 1992 sheria ya jiji ikakataza ubaguzi kwa sababu ya asili ya Appalachia. Usemi haukutajwa, ijapokuwa ndio umtambulishao mtu mara afunguapo kinywa.