Chumvi ya barabarani inavyohatarisha watoto ndani ya gari

Mtoto analalamika kichwa kinamuuma kila anapofikishwa shuleni. Mama anampima joto, hana homa. Anadhani ni mafua ya msimu wa baridi, anampa dawa ya maumivu. Ajabu ni kwamba Jumamosi na Jumapili, siku ambazo gari halitoki, mtoto anacheza vizuri tu.

Mzazi anayekutana na hali kama hiyo hukimbilia kwa daktari, na hilo ni jambo jema. Wachache ndio hukumbuka kuinama na kuchungulia uvungu wa gari.

Kwa familia za Waswahili zinazoishi Minneapolis, Columbus, Portland katika jimbo la Maine, Toronto au Stockholm, uvungu huo ni jambo la afya. Huko barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili zisiteleze, na chumvi hiyo hula chuma cha gari kimyakimya, mahali ambapo dereva haoni.

Chumvi inafanya nini?

Maji safi huganda kwenye nyuzijoto sifuri. Yakichanganyika na chumvi, hayagandi mpaka baridi izidi hapo. Chumvi ya kawaida husaidia mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikiwa kali zaidi, hutumika kloraidi ya kalsiamu au ya magnesiamu, ambazo hunata kwenye chuma na kuvuta unyevu wa hewani. Gari huonekana kavu, kumbe chini bado lina majimaji.

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na hapo kutu hukimbia. Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja haihitaji kuelezwa sana: ameona mabati ya nyumba za karibu na bahari yanavyooza mapema kuliko ya bara.

Breki na hewa ya kupumua

Kutu kwenye mlango wa gari huudhi macho. Kutu ya uvunguni inagusa maisha, hasa sehemu mbili.

Ya kwanza ni mabomba ya breki. Ni mabomba membamba yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, na mengi hutengenezwa kwa chuma. Kutu ikiyala, siku moja dereva anakanyaga breki kwa nguvu, bomba linapasuka. Magari ya sasa yana njia mbili za breki, hivyo nusu hubaki ikifanya kazi, lakini gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Mbele ya kivuko cha shule, umbali huo ni mkubwa.

Mwaka 2015, mamlaka ya usalama wa barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa tahadhari kuhusu mabomba ya breki yanayoliwa na kutu katika majimbo yanayotumia chumvi. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: osha uvungu wa gari mara kwa mara wakati wa baridi, uoshe kikamilifu majira ya kuchipua yanapoanza, na wenye magari ya zamani wayapeleke yakaguliwe.

Ya pili ni ekzosi. Ikitoboka, moshi hutokea chini ya gari badala ya nyuma. Sakafu nayo ikiwa na tundu la kutu, moshi huo hupanda mpaka kwenye viti, ukiwa na gesi ya kaboni monoksaidi.

Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu, hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa unayoihitaji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ndiyo maana hudhaniwa kuwa mafua. Watoto hupumua haraka kuliko watu wazima, hivyo wanaweza kuathirika mapema.

Majira ya baridi huongeza hatari. Injini ikiwa ya baridi hutoa gesi hii kwa wingi, na abiria hufunga vioo vyote. Hata ekzosi nzima huleta balaa ikifunikwa na theluji: katika dhoruba ya Januari 2016 mashariki mwa Marekani, watu walipoteza maisha wakiwa wamekaa ndani ya magari yaliyowashwa ili wapate joto. Fukua kwanza nyuma ya gari, ndipo uwashe na kuingiza watoto.

Dalili za kutopuuza

Ukiona watu wanaumwa kichwa ndani ya gari kisha wanapata nafuu wakitoka, au ekzosi imeanza kunguruma, usilitumie gari hilo mpaka fundi alikague. Wakizidiwa barabarani, simama mahali salama, zima injini, toeni nje wote, na piga simu ya dharura: 911 Marekani na Kanada, 112 katika nchi nyingi za Ulaya.

Pedali ya breki ikizama kuliko kawaida, taa ya breki ikiwaka kwenye dashibodi, au ukikuta matone ya mafuta chini ya gari karibu na gurudumu, usiendeshe. Ita gari la kuvuta.

Uswidi na Ufini zina ukaguzi wa lazima wa magari. Minnesota haina, kwa hiyo mzazi wa huko hana wa kumkumbusha. Mwombe fundi alipandishe gari juu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama umepeleka kubadilisha oili tu.

Kinga isiyo na gharama kubwa

Osha uvungu kila baada ya wiki mbili hivi wakati wa chumvi, na baada ya kila dhoruba. Chagua siku ambayo baridi imepungua na maji hayagandi. Sehemu nyingi za kuoshea magari kwa mashine zina huduma ya kurusha maji kutoka chini. Iulizie, kwa sababu huduma ya bei ya chini huenda isiwe nayo.

Kabla theluji haijaanza, gari likiwa safi na kavu, peleka likapuliziwe mafuta ya kuzuia kutu. Yapo ya jamii ya oili, ya nta, na ya lanolini inayotokana na sufi ya kondoo. Mengi huhitaji kurudiwa kila mwaka. Yasipuliziwe kwenye diski za breki wala kwenye ekzosi, na matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe.

Uwe makini na mipako mizito inayofanana na lami au mpira. Ikipakwa juu ya kutu ambayo tayari ipo, hufungia unyevu ndani, na chuma huendelea kuoza huku nje kikionekana kipya.

Usisahau ndani. Viatu vya watoto huingia na theluji ya chumvi, ikayeyuka na kulowesha sakafu. Weka kapeti za mpira zenye kingo, na umwage maji yake kila jioni.

Kwa anayenunua gari lililotumika

Jambo hili linawahusu pia wazazi walio Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki hutoka Japani, na baadhi yametumika Hokkaido na maeneo mengine ya theluji, ambako barabara humwagiwa dawa ya kuyeyusha barafu.

Kabla ya kulipa, omba picha za uvunguni, na soma karatasi ya mnada: herufi S huonyesha kutu, na C kutu iliyokula zaidi. Gari likifika, lipandishe juu kwa fundi, mwangalie pamoja mabomba ya breki, ekzosi na sakafu. Fundi agongegonge kwa bisibisi sehemu anazozitilia shaka. Chuma kizima hulia, kilichooza hubonyea.

Na yule mtoto anayeumwa kichwa asubuhi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie daktari kwamba maumivu huanza akiwa ndani ya gari, kwani kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama amevuta gesi hiyo. Ila msiende kwa gari lile lile.