Kinolewacho Hupata: Zana za Seremala wa Pwani na Utunzaji Wake

Wahenga walisema kwamba kinolewacho hupata. Aghalabu mwanafunzi huifasiri methali hii kuwa mwenye bidii hufaulu. Fasiri hiyo si kosa, ila huacha nusu ya maana. Kisu au patasi 'hupata' inapokuwa kali. Isiyopata ni butu. Makala haya yanaeleza zana za mkono za seremala wa pwani ya Kenya, matumizi yake na utunzaji wake, kwa kuwa zana inaposahaulika, maana ya neno nayo hufifia.

Kisiwa cha Lamu, ambacho mji wake wa kale uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kinasifika kwa milango ya nakshi na, hasa kijijini Matondoni, kwa uundaji wa majahazi. Zana ya kwanza ya muundaji wa vyombo ni tezo. Makali ya shoka huwa sambamba na mpini, ilhali ya tezo hukingama mithili ya jembe. Kwa tezo, fundi huchonga mti uliopinda kiasili ukawa taruma la jahazi. Kwa kuwa nyuzi za mti huo hufuata mpindo wenyewe, taruma hilo huwa imara kuliko lililokatwa katika mti ulionyooka.

Keekee nayo hutoboa. Chuma chake huchomekwa katika kipande cha mti kiitwacho msukano, na kamba ya uta huzungushiwa msukano huo. Uta unaposukumwa na kuvutwa, chuma huzunguka na kupenya. Tundu hulitangulia msumari kwa sababu ubao mgumu, kama wa mbambakofi, hupasuka ukipigiliwa msumari bila kutobolewa. Randa kwa upande wake hulainisha. Makali yake hutokeza kidogo tu na husukumwa kwa kufuata nyuzi za mti. Yakizidi au yakienda kinyume, hung'oa nyuzi badala ya kuzikata.

Ama kuhusu kunoa, patasi husuguliwa juu ya kinoo kilicholoweshwa maji au mafuta, upande wa mshazari ukishikwa katika pembe ya digrii 25 hadi 30 hivi. Pembe ikiwa nyembamba mno, makali hupukutika upesi. Ikiwa nene mno, patasi hudai nguvu nyingi. Kisha upande wa pili hulazwa bapa juu ya kinoo ili kuondoa kijikingo kilichojikunja.

Msumeno hunolewa kwa tupa, jino kwa jino. Meno hupindwa kidogo, moja kulia na linalofuata kushoto, ili njia ya msumeno iwe pana kuliko bati lake. La sivyo, hukwama. Msumeno mdogo wa mbao kwa kawaida hukata unaposukumwa, lakini ule wa magogo, uvutwao na watu wawili, hukata uendapo na urudipo. Aliyeuona ukifanya kazi haelezwi mara mbili kwa nini sheria husemwa kuwa ni msumeno.

Isitoshe, upepo wa bahari una chumvi iletayo kutu, hivyo vyuma hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kuhifadhiwa. Mpini ulioanza kupasuka hubadilishwa mapema, maana kichwa cha tezo kikichomoka huweza kumjeruhi fundi au jirani yake.

Mashine za umeme zimerahisisha kazi, wala si haki kumlaumu fundi anayezitumia. Hata hivyo, mwanagenzi asiyeshika keekee hana sababu ya kujua msukano. Ipo haja, basi, wanafunzi wa Kiswahili wafike karakanani na daftari mkononi, waulize jina la kila kipande na kazi yake, wangali wapo mafundi wa kuwajibu.