Azima mifupa, nyama weka yako

Umekaa mbele ya kompyuta saa nzima na ukurasa bado mweupe. Kufungua kitabu cha mwenzako unaogopa, usije ukaambiwa umeiba. Hebu tufuate nyayo za wapelelezi watatu kwanza.

Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha hadithi ya Dupin, mtu wa Paris anayefumbua mauaji kwa kufikiri tu. Msimulizi ni rafiki yake, ambaye kila mara anabaki nyuma, kama sisi wasomaji. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes na Daktari Watson. Mifupa ni ileile: mpelelezi mwenye akili kali, rafiki anayesimulia, polisi wanaopotea njia. Ila Doyle alisomea udaktari Edinburgh, na huko mwalimu wake, Joseph Bell, alikuwa akimtazama mgonjwa na kutambua kazi yake kabla hajaambiwa. Hiyo ndiyo nyama aliyoiongeza.

Mwaka 1960 mifupa hiyo ikafika Zanzibar. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, Muhammed Said Abdulla alitupa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, ambaye kwenye visa vyake huandamana na rafiki yake Najum. Harufu ya Holmes ipo, hakuna ubishi. Lakini mashamba, mizimu na Kiswahili kile kitamu havikutoka London.

Umeona kilichosafiri? Ni muundo, si sentensi. Hata hakimiliki kwa kawaida hulinda namna wazo lilivyoandikwa, si wazo lenyewe.

Sasa jaribu wewe. Chagua hadithi au makala unayoipenda. Kwa kila aya, andika maneno machache tu: aya hii inafanya kazi gani? Inauliza swali? Inaficha jibu? Kisha funga kitabu, kiache siku mbili. Ukirudi, shika orodha yako tu na uijaze kwa mtaa wako, watu wako, maswali yako. Kwa kuwa sentensi za mwenyewe huzioni tena, itabidi utunge zako.

Tahadhari moja kwa wanaoandika tasnifu: kwenye utafiti, hata wazo la kuazima lazima umtaje mwenyewe. Kubadilisha maneno peke yake hakukuokoi. Muundo wa aya azima utakavyo. Hoja na matokeo ya mtu, mtaje.