Vyuma vya angani: nani atalipa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya sheria za anga za juu. Wapo wanaodhani kuwa jambo hili ni la mataifa makubwa peke yao. La hasha!

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Je, ingeangukia nyumba ya mkulima, nani angelipa?

Wataalamu wa sheria katika Umoja wa Mataifa walikwisha kulijibu swali hilo. Mkataba wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha chombo italipa hasara kitakayoleta duniani, hata kama haikufanya uzembe. Mwaka 1978 satelaiti ya Umoja wa Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia, iliangukia Kanada. Kanada ilidai dola milioni 6. Mwaka 1981 ikakubali kulipwa milioni 3.

Lakini Kanada ilimjua mwenye chombo. Mkataba wa mwaka 1975 unazitaka nchi ziandikishe vyombo zinavyorusha, ila hauzilazimishi kuvitia alama. Sasa, chuma kisichojulikana kikiua mtu, serikali yetu itamdai nani?

Nawaomba wajumbe wa Afrika katika kamati ya sheria inayokutana Vienna wasimame kidete, alama iwe ya lazima. Deni lisilo na mdaiwa halilipwi.

Msomaji,
Dodoma.