Jirani wa Kilo Mia Tano

Anayepata kazi ya uuguzi au ualimu Churchill, mji mdogo wa Kanada ulio kwenye ufukwe wa Ghuba ya Hudson, huwaza kwanza baridi. Si makosa. Januari wastani wa halijoto huwa karibu nyuzi 25 chini ya sifuri, na upepo wa ghuba huongeza ukali wake. Lakini baridi inatibika kwa fedha: koti zuri na viatu vinavyofaa humaliza nusu ya shida. Dubu mweupe hana duka la kumnunulia dawa. Yeye ndiye hupanga saa ya kutembea, mahali pa kuweka taka, na hata nguo za watoto siku ya sherehe.

Ili kuelewa kwa nini watu wapatao 870 (hesabu ya sensa ya 2021) wanaishi njiani mwa mnyama huyu, tuanze na barafu. Dubu mweupe hula sili, na ili awapate anahitaji bahari iliyoganda. Hukaa kimya kando ya tundu ambamo sili hutokea kuvuta pumzi, kisha humnasa. Ghuba ya Hudson huganda wakati wa baridi na kuyeyuka kabisa kiangazi. Inapoyeyuka, kwenye mwezi wa Juni au Julai, dubu wa upande wa magharibi hawana budi kupanda nchi kavu. Huko hula matunda ya porini, mayai ya ndege, mwani, pengine mzoga, lakini vyote hivyo haviwashibishi. Mwili hula mafuta yake wenyewe, na mnyama hupungua takriban kilo moja kwa siku. Jike mwenye mimba anaweza kufunga hivyo kwa miezi minane, akijifungulia shimoni ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Wapusk.

Oktoba na Novemba dubu wenye njaa husogea pwani kungoja barafu. Wengi hupita Churchill kwa sababu ya mto. Maji ya mto hayana chumvi, huganda mapema kuliko maji ya bahari, na mikondo ya ghuba hulundika barafu changa upande huohuo. Wajenzi wa bandari iliyofunguliwa mwaka 1931 nao waliufuata mdomo wa mto huo, wakitafuta mahali pa kupakia ngano ya Kanada kwenye meli. Binadamu na dubu wamechagua kiwanja kimoja, kila mmoja kwa hesabu zake.

Sasa mgeni afanye nini? Watu hudhani jibu ni bunduki. Mimi naona jibu ni pipa la taka.

Msomaji wa Rufiji au Lindi ataelewa upesi. Watafiti waliochunguza simba wala watu nchini Tanzania, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2005, walieleza kwamba simba walikuwa wakifuata nguruwe pori, na nguruwe walifuata mazao. Mkulima aliyelala kwenye dungu kulinda shamba lake alijikuta katikati. Churchill kwa miaka mingi ilikuwa na jalala la wazi nje ya mji, na dubu walilifanya kantini. Jike akienda na watoto wake, watoto nao hukua wakijua kwamba harufu ya binadamu ni harufu ya chakula. Jalala hilo lilifungwa mwaka 2005 na taka zikaanza kuwekwa ndani ya jengo. Ndiyo maana mwenyeji atakukemea ukiacha mfuko wa taka kibarazani usiku, au mifupa ya samaki, au chakula cha mbwa. Hakuonei. Mfuko wako mmoja unaweza kumfundisha dubu somo ambalo hatalisahau, na atakayelipia ni mtoto wa jirani.

Dubu akishaingia mjini, kazi ni ya maofisa wa wanyamapori wa mkoa wa Manitoba. Zamani dubu msumbufu aliuawa tu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 utaratibu umekuwa mwingine: kuna namba ya simu ya dharura, maofisa huja na magari na risasi za kishindo kumfukuza, na asiyesikia hunaswa kwa mtego wa bomba kubwa lenye chambo cha nyama ya sili. Kisha hupelekwa kwenye jengo lililokuwa la jeshi, ambalo wenyeji huliita jela ya dubu. Lina vyumba 28. Mfungwa hupewa maji, hapewi chakula. Wageni huuona huo ukatili, lakini mnyama huyo alikuwa amefunga hata alipokuwa huru. Akilishwa humo atarudi mwakani kupiga hodi. Ghuba ikiganda huachiliwa, au hubebwa kwa helikopta kuelekea kaskazini, akining'inia kwenye wavu.

Mlango ni somo lingine. Churchill watu wengi huacha milango ya nyumba na magari bila kufunga kwa ufunguo, ili yeyote anayekimbia aingie popote. Aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi, kwenye mageti, makufuli na walinzi, huona ugumu zaidi kulizoea hili kuliko kumzoea dubu mwenyewe. Pia utajifunza kuchungulia kabla ya kukunja kona, kutoshuka ufukweni penye vibao vya onyo, na kutopenda sana matembezi ya gizani. Saa nne usiku king'ora hulia kuwakumbusha watu warudi ndani.

Watoto wana utaratibu wao. Tarehe 31 Oktoba, wanapozunguka nyumba hadi nyumba kuomba peremende, msimu wa dubu umepamba moto. Helikopta hupita kukagua pembezoni mwa mji, kisha magari ya doria, ya zimamoto na ya wagonjwa hujipanga barabarani. Wazazi hukataza mavazi meupe: mtoto akivaa kama dubu, mlinzi mwenye bunduki anaweza kukosea.

Haya yote yamefanya kazi vizuri. Mtu wa mwisho kuuawa na dubu Churchill alikufa mwaka 1983; alikuwa amechukua nyama kwenye hoteli iliyoungua na kuitia mifukoni. Alfajiri ya tarehe 1 Novemba 2013, saa chache baada ya watoto kulala, dubu alimshambulia mwanamke barabarani. Jirani mzee alitoka na sepetu akampiga mnyama, mwanamke akaponyoka, na dubu akamgeukia yeye. Mwingine alimtimua kwa taa na honi ya gari. Wote wawili walipona.

Kuna mambo ambayo hayahusu dubu na mgeni anapaswa kuyajua. Churchill haina barabara ya kuiunganisha na miji mingine. Treni kutoka Winnipeg huchukua siku mbili hivi kwa kilomita 1,700. Mafuriko ya mwaka 2017 yalipoiharibu reli, mji ulikaa zaidi ya mwaka bila treni na bei za vyakula zikapaa. Pia usidhani kila aliyehamia hapo alipenda. Mwaka 1956 serikali iliwatoa Wadene wa Sayisi, jamii ya wenyeji asilia, kwenye maeneo yao ya uwindaji ikawatupa pembeni mwa Churchill bila makazi ya maana. Karibu theluthi yao walikufa kabla ya waliobaki kujiondokea kwenda Ziwa Tadoule mwaka 1973. Serikali iliomba radhi mwaka 2016. Ukikutana na mzee wa Kidene, mwache yeye aamue kama atazungumzia habari hizo.

Na kiangazi? Julai na Agosti maelfu ya nyangumi weupe aina ya beluga huingia mtoni, na mbu hawana huruma.

Anayesaini mkataba leo ajue kwamba kalenda imehama. Barafu huvunjika mapema na huchelewa kurudi, hivyo dubu hukaa nchi kavu wiki tatu hadi nne zaidi ya miaka ya 1980. Idadi yao upande wa magharibi wa ghuba ilikadiriwa kuwa karibu 1,200 wakati huo. Mwaka 2016 ilikuwa 842, na mwaka 2021 ikawa 618. Wachache zaidi, lakini wenye njaa ndefu zaidi, na mwenye njaa ndiye hujaribu mlango wa jikoni. Doria haiwezi kulegea kwa sababu tu dubu wamepungua. Na mji unaopata riziki yake kubwa kwa watalii wanaokuja Oktoba na Novemba kuwatazama haujapata kitu cha kushika nafasi ya wanyama hao.