Ulisoma mswada kwa simu? Hiyo pia ni kazi

JUNI 2024, huenda nawe ulifungua Mswada wa Fedha kwa simu, ukausoma ukiwa kwa matatu, kisha ukamweleza mama maana ya VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Hakuna aliyekulipa. Lakini kazi uliyofanya ina jina: uchanganuzi wa sera. Serikalini kuna watu wanaolipwa kuifanya kila siku.

Najua unachosema. “Serikali? Si ni mafaili na kujuana tu?” Hujakosea kabisa. Lakini hebu tazama hili.

Mwaka 2007, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki yenye unene wa chini ya mikroni 30. Mnamo 2011 ikajaribu tena, safari hii mikroni 60. Mara zote mbili mambo yakagonga mwamba. Jiulize, ni askari gani angesimama Gikomba kupima unene wa mfuko wa mama mboga?

Kisha Agosti 28, 2017 ikaja marufuku ya mifuko yote ya kubebea bidhaa: kuitengeneza, kuiingiza nchini na kuitumia. Faini ikawa hadi Sh4 milioni. Mingine bado hupenyezwa mipakani, lakini leo ukienda dukani unabeba mfuko wako. Nia ilikuwa ile ile tangu mwanzo. Tofauti kubwa ilikuwa katika maandishi ya sheria yenyewe.

Hiyo ndiyo raha ya kazi hii. Sentensi moja iliyoandikwa vizuri hubadilisha maisha ya watu ambao hutawahi kukutana nao.

Kuna jambo jingine. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufaa kufika bungeni kabla ya Februari 15, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Mswada unapoingia kwa simu yako, kuna watu walioketi mezani miezi mingi kabla. Mwaka ule, Rais alikataa kuutia saini Juni 26, lakini tayari wenzetu walikuwa wameuawa barabarani. Swali la “mama mboga ataumia vipi hapa?” likiulizwa mezani Januari, halimgharimu mtu maisha yake.

Utaingiaje? Tume ya Utumishi wa Umma huwa na mpango wa uanagenzi wa miezi 12 kwa waliohitimu. KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, huwanoa wataalamu chipukizi. Kaunti zote 47 nazo hutakiwa kuwa na mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Si lazima uwe umesomea uchumi. Sheria, takwimu, afya au mazingira pia zinafaa.

Usidanganyike, marupurupu ya mwanagenzi ni kidogo. Utaandika ripoti, mkubwa atie sahihi yake. Waziri akibadilishwa, kazi yako inaweza kuishia kwenye droo.

Basi jipime kabla ya kutuma maombi. Tafuta mpango wa kaunti yako, usome sehemu inayotaja wadi yenu, kisha uandikie bunge la kaunti ukurasa mmoja tu: kasoro ni hii, suluhisho ni hili, gharama ni hii. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo lihusishe umma.

Ukimaliza ukurasa huo na bado una hamu ya kuandika mwingine, kazi hii ni yako.